Musalaba Mwekundu kwa Veranda ya Mado

Mutu asinitajie Jocelyne asubuhi, mbele ya kunywa chai. Njia ya kumutafuta mi mwenyewe naijua. Maji ikiwa bado kwa mbabula ya makala, nafungua telefone, naenda kwa ukurasa wake wa Fesibuku, naangalia batu wangapi walipenda mafoto yake. Bwana yangu Tharcisse anacheka: "Mado, ule munamuke unamupenda kuliko mi." Eeh, namupenda! Namupenda kama jino ya kuuma, ulimi hauachi kuigusa.

Mi njo munamuke wa kwanza kupiga foto za arusi hapa Kolwezi. Sijivune, uliza batu. Wakati wa film, wakati foto inaenda kusafishwa mpaka Lubumbashi, bibi-arusi walikuwa wanakuja kwangu. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani ya kampuni, moja kati ya zile za mustari, lakini veranda yangu haikukuwa na ndugu: nguzo mbili za bleu, na bougainvillea ilipanda mpaka kwa mabati. Kila binti wa kartie, wa mutaa wetu wote, alitaka kutokea pale. Bamama wanatandika bitenge chini kutoka mulango mpaka barabara, bibi-arusi anakanyaga juu yake, muguu usiguse vumbi, na mi niko mbele yake na kamera, narudi kinyumanyuma. Kwa kurudi kinyumanyuma bila kuanguka, Jocelyne angoje kwanza ajifunze.

Na yeye alitoka wapi? Alikuwa anauza unité za telefone kule Kapata! Siku moja akanunua kamera, akafungua ukurasa, akaanza kujiita "Jocelyne, Macho ya Arusi". Macho! Mwaka haukuisha, bibi-arusi wakaanza kunipita kwa barabara, wanainamisha kichwa kama batu wenye deni, wanaenda Kapata.

Sikukaa bure. Nililipa Fesibuku waonyeshe mafoto yangu mpaka Likasi. Niliomba bamama wa chorale yetu ya kanisa waandike chini ya kila foto, "Yoo, Mado, inang'ara!" Wakaandika siku mbili, wakachoka. Halafu nikafungua akonti ingine, nikaiita Séraphin wa Kasaji. Séraphin alikuwa na kazi mbili: kwa ukurasa wangu anasema, "Hakuna fotografe kama Mado", kwa ukurasa wa Jocelyne anauliza, "Huyu bibi-arusi mbona macho iko nyekundu, alilia ao ni kamera ya mubaya?" Jocelyne akamujibu: "Merci sana, Mama Mado." Batu wanacheka mpaka leo. Séraphin nikamuzika.

Sasa musikilize mambo ya musalaba.

Batu wa mine, wa kuchimba madini, walikuja wakasema chini ya kartie yetu kuko shaba na cobalt, na juu yake kuko paka sisi, sisi tu. Tutatoka. Komisyo yao ikapita nyumba kwa nyumba na rangi nyekundu, inaandika musalaba na namba kwa ukuta. Nyumba ya musalaba itabomolewa, na mwenyewe atapewa nyumba ingine kwa njia ya Fungurume. Nyumba isiyo na musalaba, basi, ilijengwa wakati walishamaliza kuhesabu, na wajanja walikuwa wengi. Ile itabomolewa na mwenyewe ataenda na mikono mitupu. Sisi walituandikia 88, karibu na mulango, pale pale bibi-arusi wanasimama.

Nililia. Si ju ya kupoteza nyumba, ile kilio ilikuja nyuma. Nililia ju ya ukuta wangu. Nani anataka musalaba mwekundu juu ya kichwa siku ya arusi yake?

Basi nikawa naufuta. Kwa ordinatere, ile kompyuta yangu, kila foto: musalaba unaenda, 88 inaenda, ukuta unabaki safi, unaweza kulamba. Foto ya kwanza, ile bado na musalaba, sikuwa nachunga. Karte ya kamera inajaa, nafuta, naanza arusi ingine. Nilikuwa najivuna kabisa. Kwa ukurasa niliandika: "Kwa Mado hakuna doa." Angalia ile ukurasa yote, utasema kartie yetu haikufukuzwa, utasema tulikuwa tunaishi Ulaya.

Halafu Mukalay, jirani wetu, akaoza binti yake. Aliniita mi, asante Mungu. Lakini Jocelyne alikuja kama mugeni wa upande wa bwana-arusi, amevaa vizuri, anatabasamu. Bitenge vikatandikwa, binti akatoka kwa mulango wangu, mi narudi kinyumanyuma. Kumbe Jocelyne anasimama pembeni, nyuma ya mugongo wangu. Akapiga moja tu.

Kesho yake ile foto ilikuwa kila mahali. Bibi-arusi muguu iko hewani, bado haijagusa kitenge. Juu yake musalaba mwekundu, 88 kubwa. Na mbele yake, mugongo wangu mi, na kilemba imeegemea upande mumoja. Chini aliandika: "Anatoka kwa nyumba ambayo haitakuwako." Ni yote. Batu wa Kinshasa wakalia, batu wa Bruxelles wakalia, mutu wa Johannesburg akaandika, "Pale njo kwetu." Malaiki, hesabu ya batu wenye kupenda foto, ilipanda mpaka nikazima telefone. Nikaiwasha tena. Ilikuwa inapanda bado.

Moyo uliniwaka, siwezi kudanganya. Mulango wangu! Bougainvillea yangu! Miaka mingi nasimama pale, na yeye anakuja na gauni ya mugeni, anapiga moja, anaenda! Nikaenda kwa bamama wa chorale: "Bamama, huyu munamuke aliweka mugongo wangu kwa mutandao bila ruhusa. Tumushitaki kwa Fesibuku." Safari hii hawakuchoka. Tulifinya telefone, tulifinya, mpaka foto ikatoshwa, ikafutwa kabisa. Ile siku nilipika kuku. Tharcisse akala, akauliza kuku ni ya sikukuu gani. Nikamuongezea supu.

Lakini maneno ya kinywa, Fesibuku haiwezi kuifuta. Juma moja ikapita, binti mumoja, Elise, akabisha hodi na mama yake. Nikafuta kiti, nikaleta fanta. Elise akasema na sauti ya heshima:

"Mama Mado, arusi yangu ni mwezi huu. Tunataka hapa kwa veranda yako, na ule musalaba, sawa ile foto."

"Karibu, mwanangu! Kamera iko tayari."

Akaangalia mama yake. Mama yake akaangalia fanta.

"Hapana, Mama. Kamera, Jocelyne atakuja na yake. Kwako tunaomba paka mulango. Mulango tutalipa."

Paka mulango! Mi, Mado, niliyefundisha hii muji kusimama mbele ya kamera, leo nauza mulango kama mutu wa toalete ya soko! Niliwasindikiza na kicheko kwa meno. Walipokata kona, nikachukua brosi ya chuma na rangi.

Hapa kwetu, mbele ya arusi, batu wanapaka nyumba. Ni desturi, hakuna mutu anauliza. Majirani walipita wakasema, "Ah, Mama Mado, arusi iko karibu!" Nikasema ndiyo. Na mi sifanye kazi nusunusu: kwanza nilikwaruza musalaba na 88 mpaka simenti ikaonekana, halafu nikapaka rangi ya mafuta, nyeupe pe. Mutaniuliza, Mado, na komisyo? Nilijiambia: Jocelyne akija, atakuta ukuta mutupu, na aende kulia kwao Kapata. Nyuma ya arusi nitarudisha musalaba mi mwenyewe. Kwa ordinatere kitu unafuta, unarudisha. Nilishazoea vile.

Tharcisse akarudi kutoka kazini, akasimama mbele ya ukuta na baskeli yake mukononi.

"Mado. Musalaba wetu iko wapi?"

"Nitaurudisha."

"Musalaba wetu iko wapi?"

Komisyo ikafika kesho yake. Walikuja kuhakikisha kwa mwisho, mbele ya kugawa manyumba. Mukubwa wao, Tata Kabemba, mutu wa miwani na adabu nyingi, akapapasa ukuta.

"Rangi ya mupya, Mama. Hii nyumba ilijengwa lini?"

"Tata, acha mchezo! Hii nyumba ni ya wakati wa Wazungu! Ni 88!"

"88 iko kwa karatasi. Lakini batu watatu walishaniambia 88 ni yao. Mumoja alijiandikia musalaba mwenyewe, rangi bado inatiririka. Mi naamini ukuta, siamini kinywa." Halafu akaona kibao changu cha STUDIO MADO, akafurahi kwa ajili yangu. "Ah, Mama ni fotografe! Basi ni rahisi. Nionyeshe foto moja ya hii mulango na namba; foto ya zamani bila namba haitanisaidia."

Nilifungua ukurasa. Akaangalia bibi-arusi wa kwanza, wa pili, wa kumi. Ukuta safi, safi, safi. Akanirudishia telefone polepole.

"Mama, kwa mafoto yako hii nyumba haikukuwa na namba hata siku moja. Nangoja mpaka Ijumaa."

Nilikimbia kwa majirani, nikapekua matelefone yao yote. Vichwa, keki, batoto wanacheza. Ukuta, hakuna. Fundi wa ordinatere akatafuta kwa karte zangu, akatikisa kichwa.

Ile jioni Tharcisse hakunipigia kelele, na ingekuwa heri angenipigia. Baba yake alikuwa mutu wa Kasai, alizeeka kwa kazi ya shaba hapa hapa. Tharcisse akasema, akiangalia chini:

"Ile miaka walitufukuza hapa sisi Bakasai, tulilala kwa gare tunangoja train. Baba alikuwa anachora nyumba yetu kwa vumbi na kidole. Hapa mulango, hapa dirisha. Batu wanapita, wanakanyaga, anachora tena. Hatukukuwa na foto hata moja, Mado. Niliporudi kutafuta ile nyumba, mutu wa ndani aliniuliza, una alama gani? Safari hii walituandikia namba. Nilisema, basi, angalau safari hii kuko mutu alituhesabu." Akavuta pumzi. "Hasira, hasara. Na unajua foto iko kwa nani."

Nilijua. Tangu Tata Kabemba kunirudishia telefone nilijua.

"Afadhali nilale inje," nikasema.

"Mutaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Mi nitakupeleka na baskeli."

Kule Kapata Jocelyne alikuwa anapanga bibi-arusi mbele ya kioo. Akaniona. Akaniletea kiti, akaniletea fanta. Fanta! Nikainywa, ilipita kama misumari. Bibi-arusi alipotoka, nikasema yote, mbiombio, macho kwa ukuta. Mafoto aliyotundika pale ilikuwa mazuri, na ile iliniumiza zaidi.

"Ile foto ya 88," akasema, "batu walinishitaki kwa Fesibuku, wakaitosha. Unajua ni nani, Mama Mado?"

"Batu wabaya," nikasema.

"Kweli, batu wabaya." Akafungua ordinatere yake. Yeye anachunga foto zote za kwanza, kila moja na tarehe yake. Ikatokea pale: muguu hewani, musalaba, 88, kilemba yangu ya kuegemea. "Nitakupatia. Sitaki franka. Lakini jina yangu itakuwa juu yake, na utaiweka kwa ukurasa wako, wewe mwenyewe, na useme ni ya nani."

Nilitaka kusimama. Niliona kidole ya muzee kwa vumbi ya gare. Nikakaa.

"Andika," nikasema.

Tata Kabemba aliangalia tarehe, aliangalia nguzo za bleu, aliangalia mugongo wangu, akaandika 88 ni yetu. Tulipata nyumba. Na ile foto niliiweka kwa ukurasa wangu: "Foto ya Jocelyne." Tangu nimezaliwa kwa Fesibuku, hakuna kitu changu kilipata malaiki vile. Bamama wa chorale wote walifinya, tena bila kuombwa.

Elise alifunga arusi yake kwengine. Matrakta ilikuja mbele ya mvua, na mi sikupiga foto. Nguzo ya bleu ilianguka ya kwanza, halafu mulango. Sasa njo nililia ju ya nyumba.

Leo tuko kwa njia ya Fungurume, kwa nyumba bila veranda, upepo tu na vumbi. Niko na mafoto mingi sana ya ile mulango wangu, na tangu musalaba, hakuna hata moja yenye ukweli. Ile moja Tharcisse aliiweka kwa kadre, akaitundika sebuleni. Ni mule tu njo mi na nyumba yangu tunaonekana pamoja.

Jina ya Jocelyne iko pale. Kufuta jina, kwangu ni kazi ya dakika. Nilijaribu kwa ordinatere. Lakini ule munamuke ni mwerevu, nawaambia! Hakuliweka kwa kona kama batu wote. Aliliandika na herufi ndogo kati ya musalaba na namba, limeshikana na 88. Ukifuta jina, 88 inaenda nayo, na ukuta unabaki safi kama kwa mafoto yangu. Niliangalia kidogo ule ukuta safi. Nikarudisha jina.

Wageni wakiingia wanasimama mbele ya kadre. "Yoo, Mado! Kati ya foto zako zote, hii njo inapita!" Tharcisse ananiangalia, anangoja. Mi nanyanyua kidole, nawaonyesha jina. Kidole kinakubali. Kinywa bado.