Nyuki wa Ukuta wa Yonka

Hapa kijijini Krushitsa hakuna mtu ajuaye habari za nyuki wa mwitu kunishinda mimi. Nimeumwa nao mara tisa. Muuguzi wetu anasema saba kati ya hizo walikuwa nyigu na moja ulikuwa mwiba wa waridi, lakini ile iliyobaki haina ubishi.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, jirani yangu Yonka alikuwa anachemsha kahawa kwenye jiko la kuni. Nyuki akatoka kwenye ufa wa ukuta nyuma ya jiko, akakatiza mezani, akaketi kwenye kiti cha marehemu Nayden, mume wa Yonka. Alikuwa na ukubwa wa yai la bata. Yonka alimkagua miguu yote sita, akaona haina matope, akammiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa.

"Tia sukari," alisema nyuki.

Ukuta wa Yonka ni wa matofali mabichi, udongo na majani makavu, umeelekea kusini. Nyuki wamo humo tangu enzi za babu yake Nayden. Si nyuki wa mzinga hawa. Kila mmoja ana tundu lake na hasalimiani na jirani. Hutaga, humwekea kila mtoto donge lake la chavua, huziba mlango na kwenda kufa. Binti akitoka hamjui mama, na hamuulizii. Waliishi hivyo miaka yote bila mtu kulalamika.

Kisha bwana mmoja wa mjini akakodi mashamba yote ya bondeni. Akalima mpaka vile vijia vya majani vilivyotenganisha shamba na shamba, mlimokuwa na maua ya kila namna, akapanda alizeti kuanzia kanisani mpaka kwenye reli. Alizeti ni ua zuri. Lakini kabla ya Julai hakuna kitu, na Julai ikifika kuna alizeti tu, na wewe jaribu kula maharage matupu kiangazi kizima. Nyuki wakakonda. Wengine wakaanza kukohoa, ukiweka sikio ukutani unawasikia.

Mwaka uliofuata mabinti hawakuhama. Walibaki kwa mama yao, wakafagia, wakalinda mlango, wakaenda kutafuta chakula na kumletea. Walikuwa wadogo kama punje za mtama. Mama akanenepa, na ndiye huyo aliyekuja kunywa kahawa. Aliendelea kuja kila asubuhi. Watu wa mtaa wetu hawakuwa na neno naye, isipokuwa kwamba alikuwa hasalimii wa kwanza.

Yonka naye alikuwa na binti nyumbani. Vasa ana miaka thelathini na tisa na kichwa chake kinamfikia mama yake begani. Yeye ndiye anayekamua mbuzi, anayepasua kuni, anayemwosha mama yake miguu kila Jumamosi. Kaka mtu, Asen, ambaye kwa kweli ni mdogo wake ila kwa kimo utamwita kaka, yuko ughaibuni, Zaragoza, mwaka wa kumi na nane huu na hupiga simu Pasaka. Yonka alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba Vasa alizaliwa hivyo, mwili wa kitoto, maisha ya nje hayawezi, akienda mbali na ukuta huu upepo utamchukua. Aliyasema hayo Vasa akiwa hapo hapo anamenya viazi.

Mwezi wa Mei akaja Dobri, mwanamume mmoja mgane asiye na maneno mengi. Kazi yake ni kuzunguka vijijini kupima afya ya nyuki wa mwitu, ana mizani ndogo kama ya sonara. Aliwapima mabinti mmoja mmoja, Vasa akimshikia chupa. Mama nyuki alikataa kupimwa mpaka kwanza aende chooni. Wiki iliyofuata Dobri akarudi kuwapima tena, ingawa hawakuwa wamebadilika. Mara ya tatu alisahau mizani nyumbani, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Akatengeneza lango la Yonka. Akamwambia Vasa kwamba ng'ambo ya mlima ana nyumba yenye vyumba viwili na bustani, na kwamba kama Vasa hana neno, angependa wafunge ndoa. Vasa akamwambia aje siku ya Mtakatifu Petro, mwishoni mwa Juni, kutakuwa na banitsa, ile pai yetu ya jibini, naye atamjibu mbele ya mama.

Siku hiyo na mimi nilikuwepo. Nilikwenda kurudisha chujio. Nyuki alikuwa kwenye kiti chake, mabinti thelathini wamejipanga nyuma yake wanampepea kwa mbawa.

Dobri si mtu wa kuanza na mambo ya ndoa, kwa hiyo alianza na kazi. Alieleza kwamba amefungua matundu akaona. Mabinti wa kwanza huwekewa nusu donge la chavua. Wakitoka ni wadogo, na aliye mdogo hawezi kwenda kuanza makazi yake, hivyo hubaki kumtumikia mama. Wa mwisho huwekewa donge zima, na hao huruka zao.

"Ninachoshindwa kuelewa ni walijifunzia wapi," alisema. "Njaa iko vijiji vyote. Kwingine kila nyuki anaishi kivyake na anakufa kivyake."

"Tulijifunzia hapa hapa," alisema nyuki, akaweka kifuniko chake chini. "Ule ufa unatazama meza. Bibi wa bibi yangu alikuwa akimwona huyu mwenzangu anavyogawa chakula. Yai la mvulana, mchuzi wa msichana. Akaona msichana hahami. Akasema, kumbe inawezekana."

Vasa alikuwa ameshika bakuli la maziwa ya mgando. Akaliweka mezani polepole.

"Mama?"

"Unamsikiliza mdudu, mwanangu?" alisema Yonka, wala hakuinua macho, kwa sababu alikuwa anakata banitsa. "Ile baridi ya mwaka wa foleni za mkate tulikonda nyumba nzima, hata paka. Ila kile kidogo nilichopata niligawa sawasawa. Wewe na Asen, sawasawa, kwa kisu hiki hiki. Mungu ananiona."

Na mikono yake ikaendelea kama inavyoendelea siku zote. Kipande cha kwanza ni cha Asen. Kwetu asiyekuwepo hukatiwa chake, na cha Asen huwekwa dirishani, kikubwa kama tofali. Akakata cha Dobri. Akakata cha nyuki, akakata changu, sina malalamiko. Halafu akasukuma sahani kwa Vasa.

Kilikuwa kile cha pembeni kilichoungua, chembamba kama mkanda wa kiatu, na maua yote yaliyochorwa kwenye sahani yalikuwa yanaonekana. Mabinti thelathini wakaacha kupepea. Nyuki alikitazama, akatazama na kile cha dirishani, kisha akamtazama Yonka kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

Dobri akamgeukia Vasa, akasubiri jibu lake. Vasa aliitazama sahani muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kipande cha namna hiyo. Kisha akakila kwa matonge mawili, akafuta vidole.

"Mbuzi hakubali mkono mwingine," alimwambia Dobri. "Akikamuliwa na mtu mwingine anapiga ndoo teke."

Dobri akaitikia kwa kichwa. Vasa akakusanya makombo, akawapelekea wale mabinti thelathini, nao wakayabeba, wakampelekea mama yao.

Hapo Dobri, kwa adabu kabisa, akaelekeza kidole kwenye sahani tupu.

"Mama Yonka. Sawasawa?"

Yonka alikitazama kisu mkononi mwake, kana kwamba kuna mtu aliyekiweka hapo.

"Huyu hana hamu ya kula asubuhi," alisema. "Tangu utotoni. Kingekuwa chakula cha mchana, ungeona ninavyomkatia."

Sote tukainua macho kutazama saa ya ukutani, nyuki pamoja nasi. Ilikuwa saa tisa alasiri.