Pini Nyekundu ya Bomba la Ukungu

Hivi wewe umewahi kungoja saa moja na nusu ili uone jambo la sekunde tisa? Kule Bremen, Ujerumani, kwenye mnara mrefu wa majaribio, fundi Gesine alingoja hivyo miaka kumi na tisa. Kwanza hewa yote ya mnarani hunyonywa. Ndipo kasha la majaribio hurushwa, likapanda na kushuka, na muda wote huo vitu vya ndani havina uzito. Moto humo hausimami kama wa mshumaa. Huwa duara la buluu, dogo kama zabibu. Kazi ya mwenzake Fokko ilikuwa kuuzima kwa ukungu wa maji, maana kwenye chombo cha angani huwezi kumwaga ndoo.

Saa ya kungoja ilikuwa ya chai. Fokko ni mtu wa Frisia, pwani ya kaskazini, na chai ya kwao ina sheria: bonge la sukari chini, malai juu, hakuna kukoroga, na vikombe vitatu, pungufu hakubali. Siku hiyo ilikuwa yake ya mwisho. Saa kumi na moja angepanda treni kwenda kazi mpya Uswidi. Gesine alimmiminia cha pili, akiitazama mikono ya Fokko, ule wa kushoto una kovu la waya.

Hapo akakumbuka. Pini nyekundu ya bomba la ukungu hakuichomoa. Maji yamefungwa. Jaribio la mwisho la Fokko lingekuwa bure. Na akisema, itabidi kurudisha hewa mnarani na kuanza upya, na treni itamwacha Fokko.

Akasema.

Fokko akacheka mpaka chai ikamwagika sahanini. “Miaka yote hujasahau hata skrubu, mama, leo ndiyo usahau pini? Mchawi wewe. Umenifungia treni.”

Gesine akaapa si kusudi. Mnara ukafunguliwa, akaichomoa pini mwenyewe, wakangoja tena. Kisha kwenye skrini ukungu mwembamba ukalizunguka lile duara la buluu, likafifia, likatoweka. Fokko akashusha pumzi, akachukua koti, akasema basi atapanda treni ya asubuhi.

“Sikusahau kusudi,” Gesine akasema. “Lakini nilipokumbuka, nilifurahi. Usiende, Fokko. Nataka ubaki na mimi.”