Vipimo vya Kaka

Jioni mama alikuwa akimaliza kazi kwa mpangilio uleule. Alifunika cherehani kwa kitambaa cha maua, akapitisha sumaku sakafuni kuokota pini, akafagia vipande, kisha akamimina chai kwenye vikombe vinne: chake, cha baba, cha Kitinda na cha Daktari. Daktari aliingia taa zikiwa bado hazijawashwa. Alikuwa amefariki akiwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ufamasia, kwa homa iliyomlaza siku chache tu, lakini hakuacha kurudi nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akaweka begi lake chini ya meza, akakaa mahali pake.

"Funga mlango bwana, mbu wanaingia," baba alimwambia, naye akainuka akafunga.

Chai yake haikuwa ikipungua. Asubuhi mama aliipasha moto akampa Kitinda.

Kitinda alikuwa binti, mtoto wa pili na wa mwisho, na jina lenyewe lilitoka huko. Yule kaka walishamwita Daktari tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mama hakuwahi kukata kitambaa kwa ajili ya mtoto mmoja. Nguo za Daktari alizishona ubavuni kwa mishono mirefu, rahisi kufumua, ili zikimbana azipunguze zimkae mdogo wake. Shati la shule lilitoka kwenye cherehani likijua litaishia kwa nani.

Chuo tu ndicho Kitinda alichokipata kipya. Wakati anajiandikisha, macho yote yalikuwa kwa kaka yake, na baadaye yakawa kwenye msiba wa kaka yake, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza anasomea nini. Alisomea ufundi wa lifti. Kampuni inayohudumia maghorofa ya mjini ilimchukua kwa mafunzo ya vitendo, na alipomaliza chuo msimamizi akamwambia kazi ipo, aanze Jumatatu, ila jibu alitaka Ijumaa. Kitinda alikipenda kile chumba cha mashine juu ya paa, harufu ya grisi, kamba za chuma zikizunguka taratibu, na watu huko chini wakifika wanakokwenda bila kujua kuna mtu anawaangalizia.

Jioni aliyowaambia, mama alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Lifti?" alisema. "Nimesomesha mtoto miaka yote hii aje apande na kushuka?"

"Sipandi na kushuka, mama. Natengeneza."

"Ikikatika?"

"Haikatiki ovyo. Na ikiharibika ndiyo naitwa mimi."

"Angalau katika ukoo huu atapatikana mmoja wa kufika juu," baba alisema, akacheka. Mama akamgeukia. Baba akarudi kwenye chai yake.

"Nafasi ya kaka yako chuoni ipo," mama alisema. "Nimekwenda mwenyewe kuuliza. Kiti chake hakijakaliwa."

Ilikuwa kweli. Darasani wanafunzi walikuwa wakikizunguka kile kiti na kwenda kukaa nyuma, hata siku ambazo wengine walisimama ukutani.

"Mimi sijasomea dawa, mama."

"Na yeye alizaliwa anazijua?"

Daktari alikuwa amekaa palepale, anaangalia kikombe chake.

Kesho yake mama akateremsha koti jeupe. Alilishona kwa ajili ya mahafali ya Daktari, na alama za chaki zilikuwa bado zinaonekana kwenye pindo. Akamsimamisha Kitinda mbele ya kioo, akampima bega. Tepu ikatoa bega la Daktari. Akapima mkono, ukatoka mkono wa Daktari, na kifua vilevile. Kitinda alikuwa mfupi, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Baba akatumwa kuazima tepu ya fundi wa jirani, kwa sababu tepu zikizeeka hunyumbuka, na ile ya jirani nayo ikasema hayohayo.

"Basi halina haja ya kupunguzwa," mama alisema.

Kitinda akalivaa. Mikono ilifunika vidole vyake vyote, na pindo likamfika kwenye miundi.

"Limekukaa," mama alisema. "Au vipi, baba Daktari?"

"Limemkaa," baba akajibu, shingo upande.

Alhamisi jioni Kitinda alimsubiri kaka yake nje, kabla hajavua viatu.

"Kaka, nisaidie. Wewe ukimwambia atasikia. Mwambie mimi dawa siziwezi."

Daktari akaweka begi chini. "Hata mimi sikuziweza," alisema. "Nilikuwa nataka kuuza viatu."

"Viatu?"

"Duka dogo tu. Mteja anakaa kwenye kigoda, mimi nachuchumaa, namvisha, anatembea kidogo, anasema kinabana, namletea kingine. Napenda ile ya kutembea kidogo."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilisema nimalize chuo kwanza."

"Mwambie leo basi. Umeshakufa, kaka. Atakufanya nini?"

"Wewe humjui mama?"

Lakini aliingia, akajikaza kisabuni, na hata begi hakuliweka chini ya meza. Alisimama. "Mama," alisema, "mimi ufamasia sikuupenda. Na huyu naye haupendi. Mwache."

Mama akainuka akamnyoosha kola. "Kunywa chai, mwanangu, inapoa."

"Mama, nasema sikuupenda."

"Umechoka tu. Mitihani hiyo." Akamsogezea kikombe.

Daktari akakaa. Alikiangalia kikombe, akamwangalia mdogo wake, akakishika kwa mikono miwili, akanywa chote. Kitinda akajua hapo kwamba mambo yamekwisha.

Ijumaa msimamizi wa lifti alipiga simu. Kitinda alikuwa kwenye ua wa nyuma anaanua nguo, mama akapokea. "Huyo hayupo," alisema, akakata.

Jumatatu Kitinda akavaa koti, akakunja mikono mara tatu, akaenda chuoni. Alikaa kwenye kile kiti na hakuna aliyegeuza shingo. Mwalimu alipoita jina la kaka yake, aliitika. Aliposhindwa maswali, mwalimu alimwambia zamani alikuwa anajitahidi zaidi.

Daktari hakurudi tena nyumbani. Baba alimkuta sokoni, amepanga viatu juu ya turubai, amechuchumaa mbele ya mama mmoja mnene aliyekuwa akilalamikia kidole. Akanunua kandambili, akarudi nazo.

"Mwanao kanipunguzia bei," alimwambia mama.

"Mwanangu yupi? Daktari yuko chuo." Na kweli, wakati ule koti jeupe lilikuwa linaingia mlangoni, na mama akalipokea begi, akasema, "Umechelewa leo, Daktari. Njoo unywe chai."

Mwanzoni Kitinda alimsahihisha. Baadaye akaacha.

Mvua zilipoanza, mama akaanza kusimama mlangoni jioni, mkono shavuni, akiangalia barabara.

"Kitinda mbona harudi?" aliuliza.

"Nipo hapa, mama."

"Sikuulizi wewe, Daktari. Namuulizia mdogo wako."

Baba akainamisha kichwa.

"Nilimkasirikia kwa ajili ya lifti," mama alisema. "Akaondoka bila kuaga. Si angeniambia tu kwamba anaipenda?" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha bitana. "Unajua sijawahi kumshonea nguo yake mwenyewe? Hata moja. Mtoto wa kike."

Jumamosi alinunua kitambaa cha rangi ya majani mabichi, kizuri, kinachoteleza mkononi. Hakupima mtu wala hakuchukua tepu. Alikata kwa kukumbuka, akamwambia Daktari ashike ncha ile kitambaa kisiburute, na Kitinda akaishika, ndani ya koti lake jeupe. Ubavuni mama alishona mishono midogo, iliyobana, ya kudumu. Jioni gauni lilikuwa limekwisha. Bega lilikuwa bega la Kitinda, kiuno kilikuwa kiuno chake, na urefu ungemfika pale hasa anapopenda nguo ifike.

Mama akalitundika nyuma ya mlango. Kitinda akanyoosha mkono.

"Usiliguse, utalichafua," mama alisema. "La mdogo wako hilo."

Kitinda akaurudisha mkono mfukoni mwa koti. Akasema ni zuri, atalipenda.