Viti vya Mbele Vilikuwa vya Wamarekani

Akinyi alianza kukasirika kabla mpira haujapigwa teke la kwanza, na kilichomuudhi mwanzo ni viti. Viti vyeupe vya kukunja, vimepangwa mstari wa mbele, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu mgongoni kama mtoto wa shule siku ya zawadi. Alipotaka kukaa, Phineas, mwenyekiti wa mashindano, alimzuia.

"Mama Audrey, hivyo ni vya Wamarekani."

"Wako wapi?"

"Wanakuja."

Basi kina mama wakakaa kwenye nyasi na juu ya masanduku ya barafu, viti vikaota jua vyenyewe. Mgeni hajafika, mwenyeji ameshahamishwa kitandani.

Ilikuwa kiangazi cha tisini na nane, kwenye uwanja wa kaunti nje kidogo ya Upper Marlboro, huko Marekani. Kila mwaka kanisa la Wakenya lilicheza na kanisa la Warundi na Wakongo, kisha wote wakala pamoja. Mwaka huo Phineas alikuwa ameona mwanga. Alikwenda mjini kutazama ligi ya Wamarekani, akarudi na sheria mpya kama Musa akishuka mlimani, ila Musa alikuwa na haya kidogo. Saa ihesabu kurudi nyuma mpaka sifuri. Sare ifutwe. Timu zikitoka sawa, watu watano wa kila upande waanzie mbali, mmoja mmoja, wakimbie na mpira kumkabili golikipa peke yake. Sekunde tano: ufunge au uaibike.

"Mmarekani hawezi kukaa saa moja na nusu halafu aambiwe hakuna aliyeshinda," Phineas aliwaeleza kanisani. "Anaboreka. Tukitaka majirani waje watujue, lazima tubadilike."

"Hiyo saa ya kurudi nyuma ninayo jikoni," Akinyi alimjibu. "Ni ya keki."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, maana mechi hiyo alikuwa ameitegeshea jambo.

Binti yake Audrey alitaka kuolewa na Hardy, kijana wa Kirundi, golikipa wa ule upande wa pili. Nehemiah, mumewe Akinyi, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. "Kijana hana baba, hana boma, ana shangazi tu," alikuwa akisema. "Nitaongea na nani, na glavu zake?" Alibembelezwa tangu baridi mpaka joto, ndipo akakubali shangazi aje nyumbani Jumamosi ijayo. Kusikiliza tu, alisema. Na Nehemiah huyo huyo, magoti yake yakilia kama mlango wa zamani, alikuwa beki wa Wakenya, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Shangazi mwenyewe aliitwa Nahimana. Yeye na Akinyi walifanya kazi pamoja kwenye makao ya wazee huko Annandale, kuwaogesha na kuwalisha. Hapo, wakati wa chai, ndipo walipoipanga mechi. Mkwe na mkwe hawasukumani mbele za watu. Hardy akae golini kwake, Nehemiah abaki nyuma huko kwao, katikati uwepo uwanja mzima. Mpira wa kawaida una adabu hiyo: watu wawili wanaweza kucheza mpaka mwisho wasikutane hata kwa salamu.

"Halafu itoke nul," Nahimana alisema. "Sare. Washikane mikono, hakuna aliyemwangusha mwenzake."

Na ikatoka. Bao moja kwa moja. Saa ya Phineas ilipogonga sifuri, Nehemiah alikuwa ameinama ameshika magoti, anahema, anatabasamu. Akinyi alimwona, akamfinya Nahimana. Mtu akitabasamu hivyo, kesho mwombe chochote.

Ndipo Phineas akapuliza filimbi kuita watu wa kukimbia, kazi ambayo Akinyi aliijua ni ya vijana.

Warundi walimaliza zamu zao wakiwa na mabao matatu. Wakenya wanne walikwenda, wakapata mawili, akabaki mtu wa tano. Lakini wawili walikuwa wameshawahi kazini, zamu ya jioni haina ndugu, na vijana wengine wamelala wanakandwa mapaja. Phineas akaangaza macho, akanyoosha kidole.

"Mzee Nehemiah."

Akinyi aliinuka pale kwenye nyasi. Hardy akiudaka, atakuwa amewanyang'anya Wakenya kombe mikononi mwa baba mkwe, mbele ya makanisa mawili. Akiuachia, Nehemiah atajua. Na kuna kitu kimoja mumewe asichosamehe: kuhurumiwa. Vyovyote vile, Jumamosi imekufa.

Alimfuata Phineas pale pale kwenye mstari.

"Mweke mtu mwingine."

"Sheria inasema waliomaliza mechi, Mama Audrey."

"Sheria ya nani?"

"Hii ndiyo sehemu wanayoipenda Wamarekani. Mtu na mtu, ana kwa ana."

"Wamarekani gani, Phineas? Amekuja mmoja, ameuliza choo kiko wapi. Mbwa wake akainua mguu kwenye kiti chako, wakaenda."

"Watakuja mwakani."

"Na sisi tuliokuja leo? Mpira huu tumeujua tangu wa matambara, hakuna aliyetuuliza kama tunaboreka. Sasa unaukata mkia na masikio umpendeze mtu ambaye hata hayupo."

"Mama, kaa chini tafadhali."

"Nitakaa," Akinyi alisema.

Alikwenda mstari wa mbele, akanyakua kiti kimoja, utepe ukipepea, akakiburuta mpaka golini. Akakiweka katikati ya milingoti, akakaa, mkoba magotini. Hardy alirudi nyuma mpaka wavu ukamshika mgongoni; kumkaribia mama mkwe namna ile hakufundishwa.

Kisha Nahimana naye akainuka polepole, akachagua kiti ambacho mbwa hakukifikia, akakiweka kando ya kile cha Akinyi.

"Umechelewa," Akinyi alimwambia.

"Nilikuwa nakitafuta kikavu."

Nehemiah alikuja mbio, uso umemvimba. "Akinyi, unaniaibisha mbele ya watu."

"Sikuaibishi, Baba Audrey. Nakuficha."

Alimtazama mkewe. Akamtazama kijana kule nyuma, amevua glavu, macho kwenye nyasi. Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamkasirisha zaidi. Aligeuka, akautandika ule mpira kwa hasira ya magoti, ya kijana, ya mke na ya Phineas, yote kwa mguu mmoja. Ukapaa juu ya goli, juu ya wale wanawake wawili, ukapotelea mitini.

"Amekosa," Phineas akatangaza. "Hiyo imehesabiwa."

"Rudia neno hilo," Nehemiah alisema, akaanza kumwendea. Phineas akakumbuka kuwa kombe limeachwa juani, akaenda kulifungia kwenye gari.

Hardy alikuwa ameshaingia vichakani. Alitoka na miiba kwenye soksi, akaja mpaka mbele ya Nehemiah, akapiga goti kidogo, akampa mpira kwa mikono miwili.

"Mzee, sikujua nifanyeje," alisema kwa sauti ndogo. "Niudake, niuache. Sikujua."

Nehemiah aliushika ule mpira, akaugeuzageuza kama anayetafuta tundu.

"Hata mimi," alisema mwishowe. Kisha, bila kumtazama kijana, akamwambia Nahimana: "Jumamosi mje mapema, kabla ya jua kali. Na huyo mwenye saa asije nanyi."

"Tutakuja bila saa, Baba Audrey," Nahimana akajibu.

Wali ulianza kupakuliwa, watu wakajaa kwenye masufuria, wa kanisa hili na wa lile. Phineas alipita akikunja viti, anavirusha kimoja juu ya kingine kama vimemkosea yeye. Alipofika golini, Nahimana alimwachia chake. Kisha akamgeukia Akinyi.

"Mama Audrey, naomba kiti. Ni cha kukodi."

Akinyi hakuinuka. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, na hakuona sababu ya kuiharakisha.

"Kina mtu," alisema.