Kamera Iliyomkataa Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayeendesha mashine ya kukaza vifuniko vya chupa za dawa ya kikohozi. Mimi ni fundi umeme wa kiwanda hichohicho. Nyumbani tunataniana mpaka kaka anakimbilia nje, lakini wiki ile utani ulikauka. Tangu Jumanne kamera ya ukaguzi ilikuwa ikizikataa chupa zake, moja katika kila tano, ikidai vifuniko havijakazwa. Meneja akampa hadi Alhamisi jioni: hali isipobadilika, kiti chake atakikalia mwingine.

"Mikono yangu ni ileile, wifi," aliniambia huku akifuta machozi kwa mkono wa koti. "Imeingiwa na nini?"

Mimi nikishikwa na swali, hata chakula hakipiti. Nikaokota chupa kumi zilizokataliwa, nikazipindua, nikazitikisa kwa hasira. Hata tone halikutoka. Basi mwongo alikuwa kamera, na sipendi kudanganywa na chombo ninachokilisha umeme mwenyewe.

Nikafungua picha zake. Za Jumatatu zilikuwa safi: kifuniko, na chini yake ule mstari mwembamba ambao kamera huutafuta. Kuanzia Jumanne, moja katika kila tano ilikuwa nyeupe pe, mstari umemezwa na mwanga. Taa ilikuwa ileile. Sasa mwanga umezidi kwa nini?

Nikainama chini ya mkanda unaosafirisha chupa. Kila kikombe kinachobeba chupa kina kijiti cha chuma. Kijiti kikikatiza mbele ya jicho la umeme, jicho hupeleka ishara na kamera hufunguka. Nikakagua mpangilio wa kamera: ilikuwa imeambiwa ibaki wazi kwa muda wote ishara inapodumu. Kumbe haikuwa na saa yake! Kijiti kikipita haraka, picha inatoka nzuri. Kikijikokota, hasa kilicho kinene kuliko vingine, kamera inaendelea kukodoa macho na mwanga unajaa.

Lakini kijikokote kwa nini?

Hapo nikakumbuka. Jumanne asubuhi wifi alilalamika kwamba mkanda unamkimbiza. Nilimwonea huruma, nikapunguza mwendo kidogo, kimyakimya, bila kumwambia yeye wala mtu mwingine.

Nikarudisha mwendo wa zamani: mstari ukatokea. Nikapunguza: ukafifia. Nikabadilisha mpangilio, ishara iamuru kufungua tu, na muda wa kujifunga kamera iuhesabu yenyewe. Baada ya hapo mkanda ulienda mbio, ukaenda polepole, picha hazikubadilika. Nikazirudisha zile chupa kumi. Zikapita zote.

Ningeweza kunyamaza, na kusema kweli nilitaka. Meneja akaja na wifi nyuma yake, akatazama picha kwenye kioo, akatabasamu.

"Unaona? Ametishwa kidogo, amejua kukaza."

Maneno yale yalinichoma.

"Amekaza tangu mwanzo," nikasema. "Mkanda niliupunguza mimi bila ruhusa, kamera ikachanganyikiwa."

Nilipata barua ya onyo kabla ya saa ya kutoka. Wifi akabaki kwenye kiti chake. Nilipoenda kumuaga alinigeukia, glavu bado mkononi.

"Siku tatu nalia begani kwako, kumbe ni wewe?"

"Nilikuhurumia, wifi."

"Basi kuanzia kesho nichukie kidogo, nipate kufanya kazi."