Wali Haubakizwi

Ilikuwa asubuhi ya nne Hidekazu Okuyama akila bure katika hoteli iliyo mbele ya stesheni ya Tsuruoka, na mama yake alikuwa bado hajafa.

Si kwamba alimwombea afe. Alikuwa amechukua likizo ya siku tano, ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kuuza mizani za viwandani mji hata mji, kwa jambo moja tu: awepo mama atakapokata roho. Baba yao alipofariki, Hidekazu alikuwa mbali, Kagoshima, akimfundisha mwenye kiwanda cha samaki kusoma gramu. Alifika siku ya pili, uso wa mzee umeshafunikwa kitambaa cheupe. Mama hakumlaumu. Alimwambia tu, "Mimi utaniwahi," naye akaitikia.

Ndiyo maana alichagua hoteli hii. Kutoka mlangoni hadi kitandani kwa mama hospitalini ni dakika tisa kwa mguu, alikuwa amezipima. Chumba kilikuwa chembamba, unafungua mlango na kukaa kitandani bila kupiga hatua ya pili, lakini vyumba vya namna hiyo ndimo alimokulia utu uzima wake. Chini palikuwa na mashine ya kufulia, nyembe na vichana vya kujichukulia, na kahawa mchana kutwa. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi palikuwa na chakula. Nyumbani kwake Saitama, sufuria ya umeme ya kupikia wali ilikuwa bado ndani ya boksi lake.

Dada yake Chizuru, aliyemzidi miaka sita, alilala hospitali. Hidekazu alimpokea zamu saa mbili asubuhi.

"Wewe huna nyumba, una hoteli," Chizuru alimwambia jana yake. "Siku wakianza kulipisha hayo mayai, utakufa njaa."

"Nitakuja kula kwako."

"Kwangu watu huosha vyombo."

Siku mbili zilizopita angecheka. Sasa moyo ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliteremka kwa lifti na kandambili za hoteli, akashika trei.

"Baba wa chumba mia tano na saba!" Bi Satake alimwita kutoka kwenye sufuria la supu. Ndiye aliyepika hapo, mama wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani. "Leo samaki wamerudi. Jana ulinuna, nilikuona."

"Sikununa, mama."

"Uliliangalia yai kama limekutukana."

Alichukua samaki wa kuchoma, supu ya miso, kikasha cha soya iliyochacha, na bakuli la wali. Akaketi dirishani, akaisimamisha kadi mezani upande ulioandikwa "Bado nakula." Upande wa pili ulisema "Nimemaliza, ondoeni." Alikuwa ameshaikoroga soya mpaka ikavuta utelezi na kuimwaga juu ya wali, simu ikatetemeka.

"Hide," Chizuru alisema. "Pumzi zimebadilika. Muuguzi anasema njoo sasa hivi."

"Nakuja."

Akasimama. Ndipo macho yakaliangukia bakuli. Hakuwa amekula hata tonge moja.

Mama yao alizaliwa kwa wakulima wa mpunga, akaolewa kwa wakulima wa mpunga. Kwake wali haukubakizwa. "Mtoto anayebakiza wali hupofuka macho," alisema, na hakuwa akitania. Siku moja alimkalisha Hidekazu mbele ya punje kumi na moja tangu adhuhuri mpaka jua likazama. Tangu hapo, miaka hamsini sasa, hakuwahi kubakiza hata moja, popote alipokula.

Mtu mwingine angeigeuza kadi akatoka mbio. Hidekazu aliketi tena, nami sitamtetea. Alikula. Hakula hata kwa haraka. Aliutoa mwiba wa samaki mzima mzima, akanywa supu, akafuata punje zilizonata kwenye utelezi, moja moja, kwa ncha za vijiti. Alijua vizuri anachofanya na hakuweza kuacha. Bakuli lilipokuwa jeupe aliigeuza kadi, akarudisha trei, akamshukuru Bi Satake. Kisha akakimbia, kandambili zikimchapa nyayo.

Chizuru alikuwa amesimama kando ya kitanda, amekishika kioo cha mashine ya mapigo ya moyo kilichozimwa kana kwamba kitawaka.

"Umemkosa kwa dakika nne," alisema. "Nilimwambia uko njiani. Hide yuko njiani, mama, yuko njiani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula."

Chizuru alimtazama. Mkono ukainuka, naye akasubiri kofi, akalitaka kabisa. Dada alimbandua punje ya wali kidevuni, akaitia kinywani mwake mwenyewe, kama mama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo. Halafu akaangua kilio. Hidekazu alibaki ameangalia saa ya ukutani.

Mama alilazwa sebuleni kwa Chizuru. Penye mto wake, kama ilivyo desturi kwa maiti, waliweka bakuli la wali, umejazwa mpaka kilele, na vijiti vimesimikwa katikati. Hidekazu aliukodolea macho wali ule jioni nzima. Mama hataumaliza, aliwaza, na hakuna atakayemkalisha. Akamwambia dada yake kwamba vitu vyake viko hotelini, akaondoka.

Asubuhi ya tano aliteremka kwa sababu saa ilikuwa imefika.

"Leo ni yai," Bi Satake alimwonya. "Usilinunie."

Alipakua wali, akala matonge matatu. La nne halikupita. Akaviweka vijiti chini, akaigeuza kadi.

Bi Satake alikuja na kitambaa, akasita. "Wali umebaki, baba."

"Umebaki."

"Niuondoe kweli?"

"Uondoe."

Bakuli likaenda. Hidekazu aliweka mikono magotini, akakaa wima kama mtoto aliyeambiwa asubiri, akangoja macho yapofuke. Kwenye kioo mbele yake, ng'ambo ya reli, ghorofa ya tatu ya hospitali, mtu alisimama dirishani mwa chumba cha mama akikunja shuka. Alizihesabu pembe zote nne zikikunjwa. Aliona vizuri kabisa.