Plagi Kavu

Injini ya boti ya Veijo ilikuwa imefungwa wima kwenye ubao ndani ya banda, kando ya ziwa, na Aune hakuwa ameigusa tangu polisi walipoirudisha. Kila alipoingia kuchukua kuni aliipa mgongo. Lakini leo redio ilitangaza baridi kali inakuja, na injini isiyotayarishwa kwa baridi hupasuka. Maji kidogo tu yakijificha ndani yanaganda, yanavimba, na chuma kinakwenda. Mume alikuwa ameshakwenda. Injini nayo isimfie kwa uzembe. Akampigia simu shemeji yake Ensio, mdogo wa Veijo.

Ensio alifika na kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, kahawa kwanza au kazi kwanza?"

"Kazi. Wewe ukishaonja kahawa na maandazi huinuki, nakujua."

"Haya, bosi."

Miaka yote Veijo alianza kwa kuiwasha injini ndani ya pipa la maji pale nje, kisha akachomoa mpira wa petroli na kuiacha ingurume mpaka ijizime yenyewe, kabureta ikiwa tupu. Ensio akalipiga pipa teke. Lilikuwa limeganda hadi chini.

"Hilo tuliruke," akasema. "Tuanze na oili ya gia."

Aune akachuchumaa na beseni. Kushika beseni ilikuwa kazi yake tangu wakiwa wachumba: Veijo anafungua skrubu, oili nyeusi ya kiangazi kizima inashuka, yeye anasema inanuka, Veijo anasema wewe je. Huo ndio ulikuwa utani wao wa kila mwaka, na haukuwahi kuchuja.

Boti ilikutwa kwenye matete ya Ziwa Puula mwezi wa kumi, haina mtu, mpira wa petroli umechomolewa. Veijo mwenyewe alipatikana baadaye. Polisi wakasema injini ilizima, mzee akasimama kuihangaikia, akateleza, na maji ya baridi yakammaliza. Mchungaji akayarudia maneno hayo kanisani, na Aune akayashika kwa mikono miwili. Ndiyo yaliyompa usingizi. Maana kiangazi kile daktari alikuwa amemwambia Veijo kwamba ugonjwa wa kusahau, ule uliommaliza mama yake, umeshaanza kumnyemelea na yeye. Njia nzima ya kurudi nyumbani Veijo alisema maneno matatu tu: "Mimi sitakaa dirishani." Mama yake alikaa dirishani miaka na miaka, akiwauliza wanawe wao ni watoto wa nani. Aune hakutaka hata kuyakumbuka maneno yale. Alitaka jambo moja tu duniani, kwamba Veijo aliteleza, kijinga, kama wanavyoteleza watu.

Skrubu ikalegea. Oili ikashuka taratibu, ya dhahabu, safi kama asali.

"Mbona mpya?" Aune akauliza.

Ensio akajikuna shingo. "Atakuwa alishaibadilisha."

"Lini? Bila beseni langu?"

"Labda siku uliyokwenda mjini. Shemeji, mtu alikuwa anasahau. Kaibadilisha leo, kesho kasahau kwamba alishaanza kuitayarisha, kairudisha botini, kaenda zake kutoa nyavu. Si aliwahi kuweka viatu kwenye jokofu?"

"Kwenye oveni."

"Ehee! Na wewe ukaiwasha!"

Aune akacheka. Hakuwa amecheka tangu maziko, na kicheko kilitoka na machozi. Bila shaka alisahau. Mjinga yule, alisahau! Akaushukuru ugonjwa ule alioulaani kiangazi kizima.

Zikabaki plagi, zile za kutoa cheche. Hiyo huwa kazi ya mwisho: unazifungua, unamimina oili kidogo ndani ya silinda, unavuta kamba ya kuwashia polepole ili oili ienee na kutu isiingie, kisha unazirudisha. Baada ya hapo injini haiwashwi tena mpaka barafu iyeyuke, kwa sababu ukiiwasha tu, oili yote inaungua na kutoka moshi.

Ensio akaingiza spana na kufungua plagi ya kwanza. Akageukia mlangoni kwenye mwanga, akimpa Aune mgongo, na mabega yake yakatulia ghafla. Kisha akaifuta kwa kitambaa, haraka haraka.

"Vipi?" Aune akauliza.

"Vipi nini?"

"Plagi. Ikoje?"

"Kavu," Ensio akasema. "Kavu kabisa. Ina masizi, kama plagi yoyote."

Hata kwenye karata Ensio hakuweza kudanganya, masikio yalimwiva kwa wekundu. Sasa yalikuwa yameiva chini ya kofia.

"Basi mimina oili," Aune akasema.

"Tunaweza hata kuacha, shemeji, baridi yenyewe..."

"Mimina, Ensio. Veijo alikuwa anamimina."

Akafungua na ya pili, akaifuta bila kuitazama, akamimina. Kisha akavuta kamba. Oili ikaruka kutoka kwenye matundu yote mawili, ikapiga ukuta, ikamrukia Aune kwenye aproni. Silinda zilikuwa zimeshashiba.

Aune akaigusa aproni kwa kidole. Oili ilikuwa safi, haijaonja moto. Basi ilimiminwa baada ya injini kunguruma mara ya mwisho, kule kule katikati ya ziwa. Veijo alikaa ndani ya boti peke yake, akachomoa mpira, akaisubiri injini izime, akafungua plagi kwa vidole vyake vya baridi, akamimina, akavuta kamba, akazirudisha. Mtu wa viatu kwenye oveni hakusahau hata hatua moja. Hasira ikampanda Aune. Injini aliipa muda wote huo. Yeye mkewe aliambiwa nini asubuhi ile? Aliambiwa kahawa imepoa.

"Nimezidisha," Ensio akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Macho yangu haya, shemeji. Nimemimina nyingi mno."

"Umezidisha," Aune akasema. "Huna kipimo wewe, tangu utoto."

Wakaendelea. Ensio akajaza oili mpya ya gia mahali pa ile mpya, akalipaka grisi panga la injini, lile linalozunguka majini. Aune akaifunika injini kwa shuka kuukuu na kuifunga kamba.

"Merja anakuja Jumapili," akasema. Merja alikuwa binti yake, na injini alifundishwa na baba yake. "Atakuuliza."

"Plagi zilikuwa kavu," Ensio akasema.

"Zote mbili. Na oili ya gia ilikuwa nyeusi, ilinuka."

"Ilinuka, ndiyo."

"Haya, nenda kaweke maji ya kahawa."

Alipobaki peke yake akalibeba beseni, akaimwaga oili ile safi ndani ya dumu la oili chafu, na kulitikisa dumu mpaka isijulikane tena ipi ni ipi.